Kiti cha Bwana Mikogo

Mapenzi yana kiburi chake. Humfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba wazee wawili wasiotazamana usoni miaka nenda miaka rudi watapatana mchana mmoja, eti kwa sababu yeye kapenda. Kasuku aliamini hivyo. Asubuhi ile alimpigia pasi baba yake shati jeupe, akairudia kola ambayo haikuwa na kosa lolote, na moyoni alikuwa na ombi moja tu: leo Baba aseme ndiyo.

"Unampigia pasi baba yako utadhani anakwenda kuoa yeye," alisema Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, aliyehamia kwao tangu mama yake Kasuku alipofariki na ambaye hakuwahi kunyamaza tangu ahamie.

"Shangazi, jamani, leo nisaidie. Usiseme neno."

"Mimi? Mdomo wangu nimeutia kufuli." Kufuli lenyewe halikudumu. "Lakini na hiyo filamu yenu nayo! Kitu kilichekesha, watu wakacheka, kikaisha. Leo mnataka kupasha moto kiporo cha miaka yote hiyo."

"Viporo vingine huwa vitamu kuliko chakula chenyewe."

"Kama havijachacha, mwanangu. Kama havijachacha."

Baba akatoka chumbani. Alikuwa mpiga chapa, mtu aliyefanya kazi kwenye mtambo wa magazeti mpaka akastaafu, na wino ulibaki chini ya kucha zake ukakataa kustaafu pamoja naye. Alivaa shati, akafunga vifungo polepole, halafu akauliza bila kumtazama binti yake.

"Hiyo filamu umemkubalia?"

"Nimemkubalia ndoa, Baba. Filamu sijamkubalia."

"Ni vitu viwili?"

"Ni vitu viwili."

"Haya." Akachukua kofia yake. "Twende tukaone."

Mtu aliyekuwa akizungumziwa alikuwa mwongozaji wa filamu. Kasuku, fundi cherehani wa mavazi ya waigizaji, alikutana naye kazini, akaanza kumwita Dairekta kwa kumtania, na utani ukaota mizizi. Dairekta alikuwa amekwisha kuja nyumbani kumwomba mzee amwoze binti yake, na mzee akampa chai asimpe jibu. Alipokuja tena, mzee alisema neno moja: "Mlete baba yako. Nataka nimwone ana kwa ana." Hapo ndipo penye mfupa, maana baba yake Dairekta alikuwa Bwana Mikogo.

Zamani, televisheni ilipokuwa moja kwa mtaa mzima, kulikuwa na kichekesho kilichoitwa Kwa Mikogo. Kilirushwa Jumamosi jioni, moja kwa moja. Bwana Mikogo, mume mwenye majivuno mengi na mfuko mtupu, aliingia mlangoni amebinua kifua, akatangaza, "Mke wangu, dunia imenichosha!" kisha akajiachia kukaa bila kutazama nyuma. Kiti hakikuwepo. Mama Mikogo alikuwa amekisogeza kando ili afagie. Na wakati makalio ya bwana yanakaribia sakafu na watazamaji wameshika vichwa, Mama Mikogo, akiendelea na ufagio wake kama hajaona kitu, alikisukuma kiti kwa nyonga kikafika kwa wakati. Bwana alikaa. Hakuwahi kujua kwamba nusura aanguke. Watu walicheka mpaka machozi, wiki baada ya wiki, kwa kitu kilekile.

Mama Mikogo alikuwa mama yake Kasuku. Hata hilo jina la Kasuku alimpa yeye, kwa sababu utotoni binti alimsikiliza akijifunza maneno yake jikoni mpaka akawa anayajua kuliko mwenyewe. Siku moja alimwuliza mama yake kiti kile kinafikaje.

"Siri si nyonga yangu," mama alimwambia. "Siri ni yeye kutotazama nyuma. Akitazama mara moja tu, mchezo umekufa."

Kile ambacho televisheni haikuonyesha ni kiti kilikotoka. Kituo kilikuwa kichanga, hakina samani wala pa kuzipata. Kila Jumamosi gari lilikuja nyumbani kwao, likapakia makochi, meza, zulia, mapazia ya manjano na kile kiti cha mikono ambacho Baba alikinunua alipooa. Jioni Baba na binti yake walikaa chini kwenye mkeka, sebule imebaki kuta na televisheni, wakamtazama mwanamume mwingine ameketi kwenye kiti chao akihudumiwa na mama wa nyumba yao. Baba alicheka pamoja na majirani waliojazana mlangoni. Kasuku alikuwa mdogo na aliona kukaa mkekani ni raha tupu.

Mtaani watu walimsalimia mama yake, "Bwana Mikogo hajambo?" huku mume wake amesimama pembeni amebeba kapu. Kuna mtu aliwahi kumwuliza Baba kama yeye ni mfanyakazi wao wa nyumbani. Hata hilo alilicheka, akalisimulia mezani.

Kilichomshinda ni msiba. Mama aliugua kidogo, akafa, kichekesho kikiwa bado kinapendwa, na watu wakafurika. Walimpita Baba kama wanavyopita nguzo ya umeme, wakaenda kumshika mkono Bwana Mikogo. "Pole sana, bwana. Umeondokewa na mke." Na Bwana Mikogo alilia, akazipokea pole zote, moja baada ya nyingine, asimwambie hata mtu mmoja kwamba mwenye msiba ni yule pale. Kisha mwanamke mmoja asiyejulikana akamgusa Baba begani, akamwambia kwa upole, "Samahani kaka, tupishe hapo, mfiwa apate pa kukaa." Baba akainuka, akampisha. Kasuku alikuwa amemshika mkono, kwa hiyo aliinuka naye.

Tangu siku hiyo jina la Mikogo halikutajwa nyumbani mwao. Halafu dunia, kwa ujeuri wake, ikampeleka Kasuku akampende mtoto wa Mikogo.

Dairekta aliwapokea kwenye mlango wa ghala lililogeuzwa studio. Macho yake yalimtafuta Kasuku kwanza, hata kabla hajawaamkia wazee, kama siku ya mwanzo. Kasuku alimpenda mtu yule. Alipenda anavyoinamisha kichwa anaposikiliza na anavyosahau kula akiwa kazini. Hakuna aliyemlazimisha.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkwe mtarajiwa," alijibu Shangazi. "Au niseme mtarajiwa tu?"

Dairekta alicheka kwa adabu. "Baba yangu yuko ndani amejilaza. Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Ndiyo maana nimeona tukutane hapa, mahali anapopakumbuka."

Aliwatangulia gizani, akawasha taa.

Katikati ya ghala ilisimama sebule. Ilikuwa na kuta tatu, ukuta wa nne umeachwa wazi kwa ajili ya kamera, lakini vingine vyote vilikuwemo: makochi, meza, zulia, ufagio umeegemezwa ukutani, kiti cha mikono mahali pake. Kasuku alisimama. Alikuwa akiitazama nyumba yao ya utotoni, ile ambayo kila Jumamosi ilipakiwa garini, imetengenezwa upya mpaka kwenye mkwaruzo wa meza. Halafu akayaona mapazia.

Yalikuwa ya manjano, na pindo lilikuwa lake. Fundi huijua mishono yake kama mama anavyoijua sauti ya mwanawe. Aliyashona yeye nyumbani baada ya kazi, kwa kitambaa alicholetewa na Dairekta, na alipouliza ni ya wapi alijibiwa, "Ya nyumba yetu." Jioni zote zile, akikanyaga cherehani, alikuwa akiliona jua la asubuhi likipenya kwenye kitambaa kile na wao wawili wako ndani.

Angemwuliza baadaye. Wazee walikuwepo.

Baba alikiendea kiti, akakivuta kutoka mahali pake ili akitazame vizuri, akapitisha kiganja kwenye mkono wake wa mbao.

"Mfano mmeupata wapi?"

"Kwenye kanda chache zilizobaki, mzee. Nyingi kituo kilizifuta kikarekodia mpira." Sauti ya Dairekta ilipanda, akawa mtu aliyeguswa panapomuuma. "Hebu fikiria. Kazi yote ile ya mama yake Kasuku imefunikwa na mechi ambazo hakuna anayekumbuka nani alishinda. Watoto wa leo hawaijui Kwa Mikogo. Tusipoirudia kwa namna ya leo, itakufa na sisi."

"Kwani kufa ni kosa?"

"Mzee?"

"Mtu akifa tunamzika. Hatutafuti mwingine tukamvika nguo zake, tukamwambia asimame pale alipokuwa anasimama. Kichekesho kikifa, mnakifufua cha nini?"

"Watu wanakipenda."

"Wanaokipenda wanacho kichwani, hakuna aliyewanyang'anya. Na wasiokijua mtawaletea chenu, kina rangi nzuri na muziki mkubwa, watacheka, sikatai. Ila huyo watakayemwona si yule."

"Ndiyo maana nimemwomba Kasuku asimame mahali pa mama yake."

"Ehee," alisema Shangazi kutoka kwenye kochi. "Ndipo hapo sasa."

"Nilikwambia sijakubali," Kasuku alisema haraka.

"Ulisema utafikiria."

Baba aligeuka akamtazama binti yake. Alimtazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye kiti, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa kile kiti. Kasuku alitamani kumwambia kwamba kufikiria si kukubali. Lakini alikumbuka kwamba alipokuwa akifikiria, alikuwa akitabasamu.

Hapo mlango wa sebule ile ya kuigiza ukafunguka.

Bwana Mikogo aliingia. Uzee ulikuwa umemkausha, suruali inamning'inia, lakini alipozivuka taa na kuyaona mapazia, mgongo wake ulinyooka. Kifua kikabinuka. Hakumwona Baba wala Shangazi. Aliiona sebule yake, na mwanamke kijana amesimama karibu na ufagio, ana uso wa Mama Mikogo.

"Mke wangu," alisema kwa sauti iliyojaa ghala zima, "dunia imenichosha!"

Akajiachia.

Kiti hakikuwa mahali pake. Kilikuwa mkononi mwa Baba, hatua moja kutoka kwa Kasuku. Na Baba hakusogea. Kasuku aliona vidole vya baba yake vimekaza juu ya mgongo wa kiti, aliona mzee wa watu anakwenda chini bila kutazama nyuma, mifupa mitupu juu ya sakafu ya saruji, na kabla hajawaza lolote nyonga yake ilikuwa imekwisha kwenda. Ilikichomoa kiti chini ya mkono wa baba yake, ikakisukuma, kikafika kwa wakati.

Bwana Mikogo alikaa. Alinyanyua uso, akamtabasamia Kasuku kwa furaha ambayo mtu hupata mara chache duniani.

"Leo umechelewa kidogo, Mama Mikogo."

Gizani watu wakapiga makofi. "Safi sana, Dairekta!" ilisema sauti ya mwanamke. "Tumeipata yote!" Kasuku akatazama kule sauti ilikotoka, akaona taa ndogo nyekundu ya kamera inawaka. Ilikuwa inawaka tangu walipoingia.

Mkono wa Baba ulikuwa bado hewani, pale kiti kilipokuwa.

"Na wewe bwana ni nani?" Bwana Mikogo alimwuliza, bila ubaya wowote.

"Mimi?" Baba aliushusha mkono taratibu. "Mimi ndiye mwenye viti hivi."

"Aa! Umekuja kuvichukua?"

"Nimekuja kuvitazama tu."

"Subiri tumalize, utavipata vyote. Mke wangu anavitunza sana."

"Najua," alisema Baba. "Alikuwa anavitunza."

Akavaa kofia yake. Shangazi alikuwa amekwisha kuinuka. Kasuku aliwafuata mpaka mlangoni.

"Baba, hujasema kitu. Baba, si ulisema ukimwona..."

"Nimemwona." Baba alimshika bega kidogo, kama anavyoshikwa mgeni. "Jibu umeshalitoa wewe, mwanangu. Mimi sina la kuongeza."

Kasuku aliporudi ndani, Dairekta alikuwa amewatoa watu wa kamera. Walibaki watatu: yeye, Dairekta, na mzee aliyekaa kitini akiimba kitu puani.

"Uliwasha kamera," Kasuku alisema.

"Ilikuwa majaribio tu, mpenzi. Mwenye kutoa fedha anataka kuona kabla hajatoa. Nilitaka apate sura yako ndani ya sebule, basi. Sikupanga baba aingie vile, wala sikupanga ukisukume kiti." Alimshika mikono yote miwili, macho yanang'aa. "Lakini umejiona? Hakuna mwigizaji aliye hai anayeweza kufanya vile!"

"Nimemnyang'anya baba yangu kiti mkononi. Hicho ndicho nilichofanya."

"Baba yangu angevunjika."

"Najua. Ningefanya tena. Lakini uliniambia wazee wanakutana wapatane. Hukuniambia tunakuja kupigwa picha."

"Na wamekutana, si ndiyo?"

"Na mapazia haya?" Alilishika pindo. "Uliniambia ni ya nyumba yetu."

Dairekta aliitazama sebule, makochi, zulia, baba yake aliyetulia kitini. Alipojibu, alijibu kwa sauti ndogo ambayo Kasuku hakuwahi kuisikia kwake.

"Hii ndiyo nyumba yetu, Kasuku. Wewe hujui kwetu kulikuwaje. Baba akirudi nyumbani hakusema neno. Vicheko vyote alikuwa amevimaliza huku. Mama alikula jikoni, mimi nilikula mlangoni. Jumamosi jioni ndipo nilipomwona baba yangu anatabasamu, na alikuwa anamtabasamia mama yako. Nilikuwa nasogea mpaka pua inagusa kioo. Nikajiapia kwamba nikikua nitaingia humo. Nitapata mtu wa humo, na sitatoka."

Kasuku alitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Wote wawili walikuwa watoto wa Jumamosi ileile, yeye mkekani, mwenzake pua kwenye kioo, kila mmoja akimtazama mzazi wake akimpenda mtu mwingine. Alimpapasa shavu. Kama angeweza, angempa sebule ile pale pale.

"Unataka kunioa mimi," alimwuliza, "au unataka kuhamia humu?"

"Kwani ni vitu viwili?"

Aliuliza kwa moyo mweupe, na ule weupe ndio uliomuumiza Kasuku. Angekuwa mwongo, angejua pa kumshika.

"Nikikataa kuigiza, utanioa?"

"Utakubali tu. Nakujua."

"Nimeuliza, nikikataa."

Dairekta alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye kiti, kwenye ufagio, kwenye kamera iliyozimwa, yakarudi. Hakuchelewa sana. Mtu mwingine asingeona hata kama amechelewa, lakini Kasuku alikuwa amelelewa na mwanamke ambaye kazi yake nzima ilikuwa kufika kwa wakati.

"Nipe siku chache," alisema Dairekta.

Kasuku aliivuta meza mpaka dirishani, akavua viatu, akapanda.

"Unafanya nini?"

"Nachukua mapazia yangu."

Alianza kuyachomoa, pete moja moja. Meza iliyumba. Dairekta akaja, akaishika kwa mikono miwili isimwangushe, akasimama hivyo mpaka pazia la mwisho likashuka. Hakumzuia. Alimshikia meza tu, kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomtoa Kasuku machozi. Nyuma ya mapazia hapakuwa na dirisha. Palikuwa na ubao mtupu usiopakwa rangi.

"Unakwenda wapi, Mama Mikogo?" mzee aliuliza kitini.

"Nakwenda kuyafua mapazia, bwana."

"Usikawie."

"Haya," alisema Kasuku, na akatoka.

Alipofika nyumbani alikuta makochi yako barazani. Meza ilikuwa barazani, zulia limeviringishwa, na kile kiti cha mikono, chenyewe cha kweli, kimegeuzwa juu ya meza miguu ikitazama mbingu, vilevile kilivyokuwa kikipangwa zamani kusubiri gari. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi mojawapo hapo nje kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

"Kazungumze naye," alisema. "Mimi leo mdomo umefunga kweli."

Ndani, Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka, shati lake jeupe bado limenyooka, uso umeelekea televisheni iliyozimwa.

"Baba, nini hiki?"

"Mwambie mwenzako asihangaike kuchongesha vya kuigiza. Gari lije, lichukue vyenyewe. Kukaa chini nimezoea."

"Hakuna gari, Baba." Kasuku aliyaweka mapazia sakafuni, akakaa karibu naye. "Tumeachana."

Baba alimgeukia.

"Kwa ajili yangu?"

"Sijui. Nadhani kwa ajili yangu."

"Ulijifunza lini vile?"

"Sikujifunza. Ilikwenda yenyewe."

"Najua. Ungekuwa umejifunza, isingeniuma." Alizitazama kucha zake. "Sikuwahi kumwonea wivu mama yako. Mwenye wivu ni yule anayejua ameibiwa nini. Mimi hata leo sijui. Alikuwa anarudi, anapika, anacheka na mimi. Nilipata changu. Lakini pale msibani, yule bwana alipokaa kwenye nafasi yangu, nilijiambia iko siku ataanguka nami nitakuwepo. Leo kiti kilikuwa mkononi mwangu, mwanangu. Nilikishika. Nilitaka kumwona akianguka. Na wewe ukamwokoa."

"Ningefanyaje, Baba?"

"Ulifanya sawa. Mama yako naye angefanya hivyo hivyo." Hakukuwa na faraja katika maneno yale, na hakujaribu kuitia.

Simu ya Kasuku ilianza kulia mfukoni. Wote wawili waliisikiliza. Ililia mpaka ikakata, na ilipokata Kasuku alitamani ilie tena, alitamani mpaka akauma mdomo. Haikulia.

Akainuka, akatoka barazani. "Shangazi, nishikie upande huu," alisema, na wanawake wawili wakaanza kuirudisha nyumba ndani: kochi, kochi, meza, zulia. Shangazi alihema, akasimama, akashika tena, wala hakulalamika. Baba hakunyanyua macho. Walizipanga samani kumzunguka, naye akabaki katikati kwenye mkeka wake kama kitu ambacho hakijapata mahali.

Mwisho Kasuku alikileta kiti chenye mikono.

"Inuka, Baba. Kaa kitini kwako."

Mzee alijikongoja akainuka, mkono mmoja ukutani, akasimama akiwa ameipa televisheni uso na binti yake mgongo. Kasuku alikisogeza kiti mpaka kikagusa miguu yake kwa nyuma, akakishika kwa nguvu zake zote.

"Kipo, Baba. Kaa."

Baba hakukaa. Aligeuza shingo akatazama nyuma, akapeleka mkono akakipapasa kiti, upande huu na upande huu. Ndipo akakaa.